MAONYESHO YA MATAIFA NA ELIMU YA KUJENGA



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya maonyesho makubwa ya mataifa. Hatutayatazama kwa habari ya biashara wala ya mashine, bali kwa habari ya majengo yake. Tangu mwaka wa 1851 mataifa yamekuwa na desturi ya kukutana katika mji mmoja kwa miezi mitano au sita, kila taifa likileta lililo bora katika kazi zake. Kisha maonyesho hufungwa, wageni huenda zao, na majengo aghalabu huvunjwa. Basi mtu aweza kuuliza: Jumba lililojengwa ili livunjwe laweza kumfundisha nini mjenzi wa nyumba ya kudumu? Hilo ndilo swali letu, na twaona jibu lake latuhusu sana sisi tukaao katika nchi ambazo kila siku watu wanajenga.

Wazee walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na tuichukue methali hii kama taa mkononi, tuingie nayo katika majumba hayo.

Kwanza tufahamu kwa nini maonyesho yana nguvu ya kufundisha. Nguo hupelekwa sokoni, chungu huchukuliwa kichwani, lakini nyumba haichukuliki. Atakaye kuiona nyumba ya nchi nyingine hana budi kusafiri, au kutazama picha. Na picha haimwambii kama ndani mna joto au baridi. Katika maonyesho, nyumba humjia mtazamaji, naye huingia kwa miguu yake mwenyewe. Tena, kwa kuwa jumba la maonyesho ni la muda tu, mwenye mali humruhusu fundi kujaribu jambo ambalo asingethubutu kulijaribu katika hospitali, wala katika nyumba ya kukaa yeye na watoto wake.

Maonyesho ya kwanza ya mataifa yote yalifanyika London mwaka wa 1851, katika bustani iitwayo Hyde Park. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alikuwa mmoja wa walioyasimamia kwa bidii. Mwaka mmoja kabla yake ilitangazwa kwamba kila mwenye ujuzi na alete mchoro wa jumba litakalofaa. Ikaja michoro zaidi ya 200, wala haukukubaliwa hata mmoja. Ndipo kamati ikachora jumba lake yenyewe, jumba la matofali lenye kuba kubwa la chuma. Watu wa London wakanung'unika. Mamilioni ya matofali yangewezaje kujengwa na kukauka kwa miezi michache? Na baada ya maonyesho, nani angeyaondoa? Na ile miti mikubwa ya bustani, je, ikatwe?

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakusomea kazi ya kuchora majengo. Joseph Paxton alikuwa mtoto wa mkulima, naye alikuwa msimamizi wa bustani za Duke wa Devonshire huko Chatsworth. Kwa kuwa baridi ya Uingereza huiua mimea ya nchi za joto, alikuwa amezoea kujenga nyumba za vioo za kuitunza. Katika mwaka wa 1849 alifaulu kulichanusha huko yungiyungi kubwa la Amerika ya Kusini, ambalo jani lake laweza kumbeba mtoto mdogo asizame. Naye alimsimamisha binti yake juu ya jani moja. Alipoligeuza jani aliona chini yake mbavu nene zitokazo katikati, na mbavu nyembamba zinazoziunga. Kwa hiyo jani lile lilikuwa jepesi na lenye nguvu pamoja. Mwenyewe alisema kwamba fikira ya paa lake ilitokana na jani hilo. Mwezi wa Juni 1850, akiwa katika mkutano wa kampuni ya reli, alichora wazo lake juu ya karatasi ya kukaushia wino, na karatasi hiyo imehifadhiwa hata leo.

Jumba lililojengwa kwa mchoro wake lilikuwa la chuma, mbao na kioo. Urefu wake ulikuwa futi 1,848 na upana futi 408, na vioo vyake vilikuwa yapata 300,000. Lakini ajabu yake kubwa haikuwa ukubwa, bali kipimo. Paxton alichagua kioo kirefu kilichoweza kutengenezwa siku zile, cha inchi 49, akakifanya kuwa msingi wa hesabu yake. Sehemu zote zilifuata kipimo kimoja, na nguzo zikasimama kwa nafasi za futi 24. Hivyo nguzo zilisubiwa mbali katika viwanda, zikaletwa kwa gari moshi, zikaunganishwa mahali pake kama mtoto aunganishavyo vijiti vilivyo sawa. Ndani ya nguzo mlikuwa na tundu, na maji ya mvua kutoka paani yalishukia humo. Nguzo moja ikafanya kazi mbili. Mafundi wa vioo walikaa katika vigari vilivyopita juu ya mifereji ya paa, na watu 80 waliweza kuweka vioo zaidi ya 18,000 kwa juma moja. Miti mikubwa haikukatwa. Paa liliinuliwa kama tao, nayo ikabaki ndani. Wajenzi walikabidhiwa kiwanja mwisho wa Julai 1850, na tarehe 1 Mei 1851 Malkia alikuja kuyafungua maonyesho.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tukisikia habari ya kipimo hicho tusidhani kwamba ni jambo geni kwetu kabisa. Mtazameni fundi wa nyumba za mawe za Lamu au Zanzibar. Dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyoka vizuri haizidi sana futi tisa au kumi. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba zile ni vyembamba na virefu, na mpango wa nyumba nzima, kuta, milango na hata mahali pa kitanda, umetokana na mti wa mkoko. Paxton alianza na kioo. Fundi wetu alianza na boriti. Akili ni ile ile: kukijua kwanza kitu ulicho nacho, kisha kukiacha kikuongoze. Tofauti ni kwamba kazi ya Paxton ilionwa na ulimwengu, maana maonyesho yale yaliingiwa mara milioni sita. Hata watu wa kazi wenye mapato madogo waliingia, kwani tangu mwisho wa Mei siku kadhaa katika kila juma kiingilio kilikuwa shilingi moja. Wengi walioingia walikuwa hawajaona bado jumba la heshima lisilo na kuta za mawe.

Mwisho wa jumba lile mwaujua, au mwaweza kuubashiri. Lilifunguliwa vipande, likahamishwa na kujengwa upya kwa ukubwa zaidi huko Sydenham, likafunguliwa mwaka wa 1854. Na usiku wa tarehe 30 Novemba 1936 likateketea kwa moto. Lakini faida ya fedha iliyopatikana mwaka wa 1851, yapata pauni 186,000, ilinunua ardhi ya South Kensington ambayo mpaka leo ina majumba ya makumbusho na vyuo.

Vitu viwili vingine vya mwaka ule vyatuhusu. Karibu na Jumba la Kioo palikuwa na nyumba ndogo ya matofali, iliyochorwa na Henry Roberts kwa amri ya Prince Albert. Ilikuwa nyumba ya jamaa nne za wafanyakazi, mbili chini na mbili juu. Kila jamaa walikuwa na chumba cha kukaa, mahali pa kuoshea vyombo, choo chao wenyewe, na vyumba vitatu vya kulala, ili wazazi, wavulana na wasichana walale mbalimbali. Matofali yake yalikuwa na uwazi ndani, ili kuta ziwe kavu na kelele zisipite. Siku zile maskini wa London walikuwa wakisongamana, jamaa nzima katika chumba kimoja, na kipindupindu kiliwaua kwa maelfu mwaka wa 1849. Nyumba ile haikung'aa kama jirani yake. Lakini ilihamishiwa Kennington, na hata leo imesimama. Jumba kubwa limeteketea, nyumba ya maskini imebaki.

Kitu cha pili ni bati lenye migongo. Lilikuwako tangu zamani kidogo, lakini katika maonyesho yale fundi mmoja wa Manchester, jina lake Bellhouse, alionyesha nyumba za bati kwa ajili ya wahamiaji waendao nchi za mbali. Prince Albert alipoziona alipendezwa, akaagiza ukumbi wa bati kwa ngome yake ya Balmoral huko Uskoti. Baadaye bati likasafiri mpaka kwetu, likaezeka maduka, makanisa, misikiti na madarasa. Tuseme haki: bati haliozi upesi kama makuti, halishiki moto, na maji yake ya mvua ni safi. Lakini kila mwalimu aliyefundisha chini yake ajua kwamba saa saba mchana darasa huwa tanuri, na mvua kubwa inyeshapo somo halina budi kusimama, kwa kuwa sauti ya mwalimu haifiki hata dawati la kwanza. Bati lilionyeshwa katika nchi ya baridi, likapendwa na watu wa baridi. Maonyesho hayakuuliza litakuwaje chini ya jua la kwetu. Hapo twaona upungufu wa shule hii: huonyesha kitu, lakini aghalabu huonyesha bila mahali pake.

Sasa twende Paris, mwaka wa 1889. Wafaransa walijenga mnara wa chuma wa mita 300, kazi ya kampuni ya mhandisi Gustave Eiffel. Mwaka wa 1887, msingi ukiwa ndio kwanza unachimbwa, waandishi na wasanii wenye sifa walitoa barua gazetini kuulaani, wakisema utaharibu uzuri wa mji. Mmoja wao alikuwa Charles Garnier, mjenzi wa jumba kubwa la muziki la Paris. Mnara ulipewa ruhusa ya miaka 20 tu. Muda ulipokwisha mwaka wa 1909, haukuponywa na uzuri wake bali na kazi yake, kwa maana ulikuwa umeonekana kufaa sana kwa simu ya upepo. Basi sisi tunaozungumza nanyi kwa njia ya redio tunayo sababu ya kuukumbuka kwa wema. Lakini jumba la mashine lililojengwa kwa maonyesho yale yale, ambalo paa lake lilipita zaidi ya mita 100 bila nguzo katikati, lilibomolewa miaka yapata ishirini baadaye, kwa kuwa halikupata kazi ya kulitetea. Wajuzi wa majengo wanalisikitikia mpaka leo.

Miaka minne baada ya Paris, mji wa Chicago katika Marekani ulifanya maonyesho yake, mwaka wa 1893. Daniel Burnham na wenziwe walijenga kando ya ziwa mji mweupe wa majumba yenye nguzo na makuba kama ya Warumi wa kale. Watu walistaajabu. Lakini nguzo zile hazikuwa za mawe. Ndani zilikuwa mbao na chuma, na nje zilipakwa lipu iliyochanganywa na nyuzi, kisha rangi nyeupe. Wazee wetu wana neno kwa hayo: Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mwaka uliofuata mengi ya majumba hayo yaliungua. Jumba lililobaki ni lile la picha na sanamu, kwa sababu wenye picha hawakukubali kuziweka katika banda. Kwa hiyo ndani ya lipu yake palijengwa kuta za matofali. Baadaye lilivikwa jiwe la kweli, na hata sasa ni jumba la makumbusho ya sayansi. Louis Sullivan, aliyejenga huko jumba moja lenye rangi nyingi na mlango wa dhahabu, aliandika miaka mingi baadaye kwamba maonyesho yale yaliirudisha nyuma nchi yake, kwa kuwa kila mji ulitaka kuiga nguzo za Warumi badala ya kutafuta umbo linalotokana na maisha yake wenyewe. Huenda alizidisha. Lakini onyo lake ni la kweli: maonyesho yaweza kufundisha uongo upesi kama yafundishavyo ukweli, na mwanafunzi asiyegonga ukuta hatajua.

Sasa twafikia jambo lenye uchungu. Katika maonyesho mengi ya Ulaya nyumba za Waafrika pia zilijengwa, wakawekwa watu ndani yake ili watazamwe. Huko Wembley, London, katika maonyesho ya himaya ya Kiingereza ya mwaka wa 1924 na 1925, nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilikuwa na jumba lao, na Afrika ya Magharibi ilijengewa mji wenye ukuta mwekundu kwa mfano wa miji ya kaskazini ya Nigeria. Mafundi wa Kiafrika walikaa humo wakifuma na kufinyanga mbele ya wageni. Gazeti moja lilipoandika maneno ya dharau juu yao, wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa London, miongoni mwao Ladipo Solanke, walilalamika waziwazi. Walikuwa na haki. Ukuta wa udongo ulio mnene, unaozuia joto la mchana lisiingie ndani, ni elimu. Lakini mtazamaji hakuambiwa unene wake wala sababu yake. Alionyeshwa kichekesho. Nyumba ya Mzungu katika maonyesho iliitwa maendeleo. Nyumba ya Mwafrika iliitwa desturi. Na hasara kubwa kuliko dharau ya mgeni ni kwamba wengi wetu tuliamini hukumu ile, tukaona haya kwa baraza, kwa chokaa na kwa ukuta mnene, vitu ambavyo babu zetu walivifikiri kwa akili nyingi.

Kabla ya kumaliza tutaje jumba moja dogo. Katika maonyesho ya Barcelona, Hispania, mwaka wa 1929, Ujerumani ilijengewa jumba na Ludwig Mies van der Rohe, pamoja na Lilly Reich. Halikuwa na bidhaa ndani. Paa lilibebwa na nguzo nane nyembamba za chuma, na kwa hiyo kuta za mawe ya thamani hazikubeba kitu. Zilisimama huru, zikimwongoza mtu aendako. Mwaka wa 1930 lilivunjwa. Lakini picha zake zilizunguka katika vyuo vya ulimwengu kwa zaidi ya miaka hamsini, wanafunzi wakijifunza kwa jumba lisilokuwako, hata likajengwa tena mahali pale pale kati ya mwaka wa 1983 na 1986. Basi hili ni jibu la swali letu la kwanza. Jumba laweza kuvunjwa, na fikira yake isivunjike.

Na hali ya siku hizi? Maonyesho bado yapo. Katika Osaka, Japani, mwaka wa 2025, yalizungukwa na duara kubwa la mbao lenye njia ya kilomita mbili, kazi ya Sou Fujimoto. Tena mji wa Venice katika Italia una maonyesho ya majengo peke yake. Yale ya mwaka wa 2023 yaliongozwa na Lesley Lokko, mwenye asili ya Ghana na Uskoti, na zaidi ya nusu ya washiriki 89 walikuwa Waafrika au watu wenye asili ya Afrika. Mmoja wao alikuwa Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa katika kazi hii. Shule aliyoijengea kijiji chake cha Gando, iliyomalizika mwaka wa 2001, ina kuta za matofali ya udongo na paa la bati. Lakini bati lake limeinuliwa juu, mbali na dari ya matofali yenye matundu, ili hewa ya moto ipande ikatoke. Bati lile lililotoka London mwaka wa 1851 bila kuulizwa juu ya jua, hatimaye limeulizwa, na aliyeuliza ni mtoto wa mahali penyewe.

Basi, wasikilizaji wetu, twaona yatupasa kuyaendea maonyesho ya wengine kwa macho mawili: jicho la kupokea na jicho la kupima. Tukionyeshwa nyumba mpya, tuulize imejengwa kwa kitu gani chini ya rangi. Tuulize itakuwaje saa saba mchana na usiku wa masika. Tuulize nani atakaa ndani, na kama yeye alisikilizwa. Lakini anayetaka kupima sharti awe na kipimo chake. Kwa hiyo sisi walimu na tuwatume wanafunzi wetu, wakiwa na kamba na daftari, wakaipime nyumba ya bibi kijijini: unene wa ukuta, urefu wa boriti, upana wa baraza, na upande dirisha lilipowekwa. Wamwulize bibi sababu, wayaandike majibu yake. Michoro hiyo ikitundikwa ukutani siku ya wazazi, shule itakuwa na maonyesho yake, madogo lakini ya kweli. Nao waliozoea kuiona nyumba ile kila siku watasimama mbele yake kwa mara ya kwanza kama watu wanaotazama kazi ya fundi.